Trekta ya Mjomba Haikukosa Spea, Ilikosa Kipimo

Najua nimeingia mitini kwa majuma kadhaa na wengine mmeanza kudhani nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa Kitale, nimelala chali chini ya trekta, oili ikinidondokea kwenye masikio, na mikono yangu haikuwa katika hali ya kugusa kibodi ya mtu yeyote anayejiheshimu.

Kwa hiyo leo hakuna Linux wala habari za hifadhidata. Leo ni injini. Lakini vumilieni, maana nimerudi na hoja, na hoja yenyewe inatuhusu hata sisi tunaokula kwa kuandika programu. Nasema hivi: trekta nyingi za zamani zinazolala chini ya miti kule Trans Nzoia na Uasin Gishu, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, hazikufa kwa kukosa spea. Zilikufa kwa sababu hakuna aliyezipima.

Trekta ninayoizungumzia ni Massey Ferguson 135 ya mjomba wangu. Bati la namba linaonyesha ni ya 1971. Babu aliinunua ikiwa tayari imetumika, na tangu hapo imelima mashamba ya watu wengi kuliko ya kwetu. Mjomba ana ekari chache tu. Pesa inatoka kwa majirani, kati ya Januari na Machi, kabla ya mvua ndefu, kila mtu anapotaka kulimiwa juma lile lile. Miezi hiyo mitatu ndiyo hulipa karo ya binamu zangu wawili. Trekta ikilala Februari, karo imelala.

Kwa wasioijua, 135 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964, na injini yake ya dizeli ilitoka kwa Perkins wa Peterborough, kampuni ambayo Massey Ferguson iliinunua mwaka 1959. Injini inaitwa AD3.152. Jina lenyewe ni nusu ya maelezo: 3 ni idadi ya silinda, 152 ni ujazo kwa inchi za ujazo, yaani lita mbili na nusu hivi. Napenda sana watu wanaotaja vitu namna hiyo. Spea zake hazijawahi kuisha, kwa sababu ukoo wake uliendelea kutengenezwa Pakistan, India na kwingineko miaka mingi baada ya Coventry kuiacha. Ingia duka lolote la spea za trekta Kitale au Eldoret useme "beringi za Perkins silinda tatu", utaletewa kabla hujamaliza sentensi. Likumbukeni hilo, maana ndipo kisa kinapoanzia.

Mwezi wa Oktoba mjomba aliona mshale wa geji ya oili unaanguka kila injini ikipata joto. Asubuhi ulikuwa unasimama vizuri, lakini kufikia saa nne umelala. Halafu ukaja mgongo, ule wa "ko-ko-ko" kutoka tumboni mwa injini, unaoongezeka ukivuta jembe. Kitabu cha injini hii kinataka shinikizo la oili liwe kati ya 30 na 60 kwa ratili za inchi ya mraba injini ikiwa na joto na ikizunguka kwa mwendo wa kazi. Ya mjomba ilikuwa haifiki 20.

Fundi aliyeitwa, ambaye simtaji jina wala mji, alifanya kile ambacho hufanywa. Kwanza alimwaga oili akatia nzito zaidi. Mshale ukapanda kidogo, siku tatu ukashuka. Pili, akafungua sampu kwa chini, akatoa beringi za konrodi zilizochakaa, akaweka mpya, akafunga. Mgongo ukazidi! Mjomba alipouliza, akaambiwa, "Mzee, injini ya zamani lazima iongee." Akavumilia wiki mbili akibeba mbolea na kuni tu kwa trela. Mwishowe fundi akatoa hukumu: injini imekwisha, tafuta nyingine, au mwite mtu wa vyuma chakavu. Na mtu wa vyuma chakavu akaja kweli. Mjomba alinipigia simu jioni hiyo, si kuniomba msaada, bali kuniambia tu kwamba trekta ya babu inaondoka. Nilimwomba ampe huyo mtu chai na amwambie arudi Januari.

Sasa, mimi si fundi wa magari. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na nilikuwa sijawahi kufungua injini kubwa kuliko ya kukata nyasi. Lakini miaka yangu michache ya kazi imenifundisha jambo moja: programu ikiharibika baada ya mtu "kuirekebisha", anza kumtazama aliyerekebisha. Kosa la zamani linaweza kuwa popote. Kosa jipya liko pale mkono ulipopita.

Nikafika siku chache kabla ya Krismasi nikiwa na nakala ya kitabu cha matengenezo na mikrometa niliyonunua Nairobi, ya milimita 50 hadi 75. Mjomba aliitazama akacheka. "Mpwa wangu, unataka kuipima trekta suti?"

Tulifungua sampu, tukafungua vifuniko vya konrodi, tukatoa beringi zile mpya. Beringi ya aina hii si ile ya gololi mnayoijua kwenye baiskeli. Ni vipande viwili vya chuma chembamba vilivyopinda kama maganda ya yai lililokatwa katikati, vinavyokumbatia kranki, ule mhimili uliopindapinda unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Nikafuta ganda moja kwa kitambaa nikaligeuza. Mgongoni, kwa herufi ndogo zilizogongwa, palikuwa na neno STD. Maana yake ni saizi ya kawaida, ya kranki isiyowahi kusagwa.

"Mjomba, zile za zamani ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye mkebe wa misumari. Mjomba hatupi chuma. Nikafuta moja, nikageuza. 010.

Nilikaa chini kwenye vumbi pale pale. Wasomaji wangu waandishi wa programu mmeshaelewa. Kranki ya trekta hii iliwahi kusagwa miaka mingi iliyopita, labda enzi za babu, na kupunguzwa unene kwa thau kumi. Thau, kama mafundi wanavyoiita, ni inchi moja iliyogawanywa mara elfu. Kranki iliyosagwa thau kumi inahitaji maganda mazito zaidi, yaliyogongwa 010, ili nafasi ijae. Fundi alienda dukani akasema "beringi za Perkins silinda tatu", akapewa saizi ya kawaida, akazifunga. Spea zilikuwa halali na mpya kabisa, ila hazikuwa za kranki ile. Ni sawa na kusakinisha maktaba ya toleo jingine kisha kulaumu kompyuta kwamba ni nzee.

Hebu niwaonyeshe ukubwa wa kosa hilo, maana hapa ndipo hesabu inapopendeza. Kati ya beringi na kranki huachwa nafasi ndogo ya oili, kama milimita 0.05, chini ya unene wa unywele. Oili inasukumwa humo kwa shinikizo na kranki inaelea juu yake. Ukiweka maganda ya kawaida kwenye kranki ya 010, unaongeza milimita 0.25, nafasi inakuwa 0.30. Mara sita. Utasema mara sita si mbaya sana. Lakini oili inayovuja kwenye mwanya mwembamba haiongezeki sambamba na mwanya. Inaongezeka kwa mwanya uliopandishwa kipeo cha tatu. Sita mara sita mara sita ni 216. Kinadharia, pale palipokuwa panavuja tone moja sasa panavuja zaidi ya mia mbili, na pampu ni ile ile. Mshale utasimama vipi?

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini oili nzito haikusaidia hata mwanzoni. Uzito wa oili unapunguza uvujaji sambamba tu: ukiongeza uzito mara mbili, uvujaji unapungua nusu. Unapigana na kipeo cha tatu kwa kipeo cha kwanza. Kwa hiyo mtu akikuambia utie oili nzito kutibu shinikizo lililoanguka, ujue anakununulia siku, hatibu kitu.

Ili kuitoa kranki ilibidi tuikate trekta kiunoni. Hili lilinishangaza. 135 haina fremu kama gari; injini yenyewe ndiyo mgongo, imefungwa kwa gia nyuma na kwa ekseli mbele. Tukapigilia kabari za mbao kwenye ekseli ya mbele ili isiyumbe, tukaweka magogo chini ya sanduku la gia, tukafungua nati za pembeni, tukasukuma nusu ya mbele polepole. Usithubutu kufanya hivyo kwa jeki moja na maombi. Nusu hizo mbili zina uzito wa kuua, na mjomba, ambaye anacheka kila kitu, siku hiyo hakucheka hata mara moja.

Kisha nikapima. Kranki mpya ya injini hii ina shingo za konrodi zenye kipenyo cha milimita 57.11 hivi. Toa thau kumi, unapata 56.86. Shingo ya kwanza ilisoma 56.85 upande mmoja na 56.82 upande wa pili. Ya pili, 56.85 na 56.79. Yaani haikuwa mviringo tena, imekuwa yai, na juu yake kulikuwa na mikwaruzo ninayoweza kuisikia kwa kucha. Ile wiki mbili ya kubeba kuni ilikuwa imeila. Shingo kubwa za katikati, ambazo fundi hakuzigusa, bado zilikuwa na maganda ya 010 na vipimo vyake vilikuwa ndani ya kiwango cha kitabu.

Na hapa ndipo nilipoanza kuwapenda watu wa Peterborough. Kitabu hakisemi "kranki ikichakaa, tupa". Kinasema saga hadi thau kumi. Ikichakaa tena, ishirini. Tena, thelathini. Kwa kila hatua kuna maganda yake, yamegongwa namba mgongoni, yanauzwa. Mhandisi aliyechora chuma hiki aliacha nyama ya ziada akijua kwamba siku moja, katika nchi asiyoijua, mtu asiyemjua atakihitaji. Kisha akaandika namba zote akazitoa kwa yeyote mwenye kitabu. Watu husema mashine za zamani zinatengenezeka kwa kuwa ni nyepesi kuelewa. Siamini tena. Pampu ya dizeli ya trekta hii si nyepesi hata kidogo, na mimi sikuthubutu kuifungua. Inatengenezeka kwa sababu uchakavu wake ulipangiwa na namba zake ziko wazi.

Kwa hiyo kranki ya babu ilikuwa na uhai wa ziada mara tatu. Mmoja ulitumika zamani. Wa pili tumeula sisi kwa uzembe wa dakika tano, maana kumgeuza ganda na kusoma mgongo wake hakuchukui zaidi ya hapo. Umebaki mmoja.

Tuliipeleka Eldoret kwa mzee anayesaga kranki. Nilimwambia nataka shingo za konrodi ziende 020, na nataka aniandikie kwenye karatasi kila shingo imetoka na kipimo gani. Pia nilimkumbusha asiache kona kali pale shingo inapoungana na ukuta wake. Ni lazima pawe na mviringo kidogo, la sivyo ufa huanzia hapo na kranki hukatika. Nilitarajia anifukuze. Kijana wa kompyuta anamfundisha mzee kazi! Badala yake alivua miwani akanitazama. "Watu hawaulizi," akasema. "Wanauliza itakuwa tayari saa ngapi." Akatoa daftari lililojaa vipimo vya kranki za watu ambao hawakuwahi kutaka kuviona. Zetu zilitoka 56.60, 56.60 na 56.61. Karatasi ninayo.

Wakati wa kufunga tulitumia kitu nilichokipenda kuliko vyote: Plastigauge, uzi mwembamba wa plastiki laini. Unaulaza juu ya shingo iliyo kavu, unafunga kifuniko kwa spana ya kupima nguvu hadi kipimo cha kitabu, bila kuzungusha kranki, kisha unafungua. Uzi umebanwa ukawa bapa. Unalinganisha upana wake na mistari iliyochapwa kwenye pakiti, na unasoma nafasi ya oili waziwazi. Ukiwa mpana sana, nafasi ni ndogo. Ukiwa mwembamba, nafasi ni kubwa. Nimeandika majaribio mengi ya programu maishani mwangu, na sijawahi kuona jaribio zuri hivi. Haligharimu hata bei ya ganda moja la beringi. Na linakwambia ukweli kabla hujawasha, si baada.

Nisisahau jambo jingine. Duka la spea lilitaka kutuuzia ovaholi kamili: pistoni, ringi, slivu, gasketi, kila kitu kwenye boksi moja. "Mkishafungua, badilisheni vyote." Ushauri huu unasikika wa busara, lakini nauona kama ule wa "andika programu yote upya". Tulipima silinda, hasa karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, maana ndipo silinda huchakaa zaidi. Zilikuwa ndani ya kiwango. Tukabadilisha ringi na gasketi, na beringi za katikati tukaweka mpya za 010. Slivu na pistoni zilibaki. Pesa iliyobaki ilinunua tairi moja ya mbele na bado mjomba akapata ya mbolea.

Sasa naomba msinielewe vibaya kuhusu yule fundi. Ni rahisi kwa mtu kutoka Nairobi na mikrometa yake mpya kumcheka. Mimi nimemwona akisikiliza injini kwa bisibisi iliyowekwa sikioni akataja silinda inayogonga bila kukosea. Mimi siwezi hilo. Fundi wa jua kali amefanya mambo kwa nyundo na tupa ambayo wahandisi wenye digrii wangekataa kujaribu. Tatizo ni kwamba sikio linakwambia wapi, halikwambii kiasi gani. Na thau kumi haionekani kwa jicho, haisikiki kwa kidole gumba. Hakuna kipaji kinachoziba pengo hilo.

Basi kwa nini hapimi? Nilimuuliza mwenyewe, tulipokutana kwenye chai mwaka mpya. Hakukasirika. Alisema mikrometa aliwahi kuwa nayo, ikaibwa, hakununua nyingine kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumlipa kwa kupima. "Nikikwambia beringi ni pesa hizi, utalipa. Nikikwambia nimepima saa mbili, utasema sijafanya kazi." Nilitaka kubishana, nikakumbuka wateja wangu. Ni wangapi wamekubali kulipia siku mbili za kuchunguza kosa kabla ya kugusa msimbo? Wanataka kuona mtu anachapa. Sisi wenyewe ndio tunaowafundisha mafundi kubahatisha, kwa sababu tunalipia chuma na hatulipii akili.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa inamwendea mteja, na mteja ni mjomba, ni mimi, ni wewe msomaji mwenye gari au pampu au trekta. Ukienda gereji, mwambie fundi utalipia kupima peke yake, hata kama hatabadilisha kitu. Dai karatasi. Dai kuona mgongo wa ganda la zamani kabla hujalipa jipya. Asiyeweza kukupa namba asikuuzie injini.

Wapo watakaosema nimelewa mahaba ya vyuma vya babu, na kwamba trekta mpya hainywi oili, haigongi, na ina fremu ya kumlinda dereva ikipinduka. Hilo la mwisho ni kweli na ni zito. 135 ya mjomba ilikuja bila fremu hiyo, na trekta inayopinduka mtelemkoni haimpi dereva nafasi ya pili. Kama mngeniuliza shilingi inayofuata iende wapi, ningesema huko, kabla ya rangi na kabla ya mapambo mengine yote. Sisemi kipya ni kibaya.

Ila nina wasiwasi na namba za hivyo vipya ziko mikononi mwa nani. Trekta za kisasa zinajua shinikizo la oili, joto na kosa lililotokea saa ngapi. Zinajipima zenyewe kuliko mimi nitakavyoweza. Lakini wakulima wa Marekani wamekuwa wakilalamika miaka mingi kwamba vipimo hivyo vimefungiwa ndani ya programu anayoruhusiwa kuitumia wakala tu. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kuwapa wakulima haki ya kutengeneza mitambo yao, ikaanza kutumika Januari 2024. Januari 2025 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia ushindani wa biashara, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliishtaki John Deere kwa jambo hilo hilo. Nani aliandika hizo kufuli? Waandishi wa programu. Watu waliosoma nilichosoma mimi. Yule mhandisi wa Peterborough alikuwa na uwezo wa kuficha namba zake vilevile, na hakuficha. Trekta zenye kompyuta zinakuja mashambani kwetu, na muuzaji akisifu skrini yake, swali la kwanza liwe: likitokea kosa, mimi na fundi wangu tutalisoma, au tutampigia simu mtu Nairobi na kungoja?

Nilishawishika kuandika programu ya rununu ya kuhifadhi vipimo vya injini. Nilikuwa nimeshaipa na jina. Kisha nikafikiria simu ya mjomba, ambayo imepasuka kioo na haina nafasi hata ya picha, nikafunga kipakatalishi. Badala yake nilichukua kipande cha bati, nikapiga herufi kwa misumari na nyundo: KONRODI 020. KATI 010. VALI THAU 12 INJINI BARIDI. Na tarehe. Tukalifunga kwa riveti ndani ya sanduku la vifaa. Kama yule aliyeisaga kranki mara ya kwanza angefanya hivyo, msingekuwa mnasoma makala hii.

Tuliiwasha wiki ya pili ya Januari. Mara ya kwanza ilikataa, kwa sababu nilisahau kutoa hewa yote kwenye mabomba ya dizeli, na mjomba akapata nafasi ya kuniuliza kama mikrometa yangu inapima hewa pia. Mara ya pili ikashika. Tuliiacha ipate joto, kisha tukaipeleka shambani ikavuta jembe mpaka saa saba. Mshale ulisimama kwenye 45, ukabaki hapo. Mtu wa vyuma chakavu alirudi siku tatu baadaye kama alivyoahidi, akaikuta iko kwa jirani, ekari ya nne.

Sili ya nyuma ya kranki bado inadondosha oili, matone mawili au matatu kwa usiku. Niliifunga mwenyewe na sikuifunga vizuri. Kuirekebisha kunamaanisha kuikata tena kiunoni, na mjomba amesema hataki kuniona na kabari zangu kabla ya Aprili.